Mhimili wa mlango wa gari

Mhimili wa mlango wa gari ni kipande kirefu cha feleji ngumu kinachofungwa ndani ya mlango, nyuma ya bati la nje, ili mlango usibonyee hadi kumfikia abiria gari linapogongwa ubavuni. Huwa na umbo la bomba au la bati lililokunjwa kama mfereji. Urefu wake ni takriban mita 1, na uzito wake kwa kawaida ni kilo 1 hadi 2. Mwenye gari anaweza kulitumia miaka mingi bila kuuona, kwa sababu hauonekani mpaka bodi ya ndani ya mlango ibanduliwe.

Kwa macho hautofautiani sana na bomba la kawaida la chuma. Tofauti iko katika namna ulivyopashwa moto na kupozwa kiwandani.

Kazi yake

Gari likigongwa kwa mbele, kuna zaidi ya nusu mita ya bodi inayoweza kujikunja na kupunguza nguvu ya pigo kabla halijamfikia dereva. Ubavuni nafasi hiyo haipo: kati ya bati la nje na nyonga ya aliyeketi mara nyingi hakuna hata sentimita 30. Mhimili hauongezi nafasi hiyo. Kazi yake ni kulipokea pigo na kulipeleka kwenye nguzo za bodi, kupitia bawaba upande wa mbele na kitasa upande wa nyuma. Kwa hiyo mhimili mzuri katika mlango ambao bawaba zake zimeliwa na kutu husaidia kidogo tu.

Historia

Kampuni ya General Motors ya Marekani iliweka mihimili katika milango ya baadhi ya magari yake ya modeli ya 1969. Kuanzia tarehe 1 Januari 1973 sheria ya Marekani ilidai kila mlango wa gari dogo upite jaribio la nguvu: silinda ya chuma yenye kipenyo cha milimita 305 husukumwa polepole dhidi ya mlango, na katika milimita 152 za kwanza mlango sharti uipinge kwa wastani wa newtoni 10,000 au zaidi. Baadaye Marekani na Ulaya ziliongeza majaribio ya kugonga gari zima kwa kigari chenye mwendo.

Mihimili ya mwanzo ilipata nguvu kwa unene, na ilikuwa mizito. Mabadiliko yalitoka Sweden, ambako kampuni ya Plannja ilipata hataza mwaka 1977 kwa njia ya kukunja bati la feleji likiwa jekundu kwa moto na kulipoza hapo hapo ndani ya kalibu. Plannja iliitumia kwa visu vya mashine za kukata nyasi na misumeno. Mwaka 1984 kampuni ya Saab ikaitumia katika gari lake la Saab 9000, na tangu hapo njia hiyo imeenea duniani kote.

Feleji yenye boroni

Feleji inayotumika sana kwa njia hii huitwa 22MnB5. Ina kaboni takriban asilimia 0.22, manganisi takriban asilimia 1.2, na boroni kidogo mno: asilimia 0.002 hadi 0.005, yaani kilo 2 hadi 5 katika tani 100 za feleji. Kiasi hicho kinatosha. Atomu za boroni hukaa kwenye mipaka ya chembe za chuma na kuchelewesha kuzaliwa kwa fuwele laini feleji inapopoa. Titani kidogo huongezwa ili nitrojeni isiinase boroni kabla haijafanya kazi yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kaboni isiongezwe tu, maana kila mwanafunzi hujifunza kwamba kaboni huifanya feleji iwe ngumu. Jibu ni kwamba kaboni nyingi huifanya pia iwe ngumu kuchomelea na rahisi kuvunjika. Mhimili unaokatika kama kijiti haumsaidii abiria; unatakiwa upinde kwa shida, lakini usikatike.

Utengenezaji

Bati linapofika kiwandani bado ni laini kiasi. Huvumilia mvuto wa takriban megapaskali 600 kabla ya kukatika. Hukatwa vipande bapa, kisha vipande hupita katika tanuri la 900 hadi 950 °C kwa dakika kadhaa. Katika joto hilo atomu za chuma hujipanga upya katika muundo uitwao austeniti, wenye nafasi za kutosha kuipokea kaboni yote.

Mkono wa roboti hukitoa kipande na kukiweka katika mashine ya kukandamiza kwa sekunde chache tu, kwa sababu kila sekunde hewani hupoteza joto. Kalibu hufunga, na bati lililolainika kwa moto hupata umbo lake kwa pigo moja. Kisha hatua muhimu kuliko zote: kalibu haifunguki. Ndani yake kuna mifereji ya maji baridi, na bati lililobanwa hupoteza joto kwa kasi ya zaidi ya 27 °C kwa kila sekunde. Likipoa polepole kuliko hapo, kaboni hupata muda wa kujitenga na feleji hurudia ulaini wake. Likipoa kwa kasi hiyo, kaboni hunaswa mahali ilipo na kuusukuma mpangilio wa atomu hadi upindane. Muundo huo huitwa martensiti. Mhunzi anayetumbukiza jembe jekundu katika maji hutafuta jambo hilo hilo, ila yeye hana njia ya kulizuia lisijipinde.

Baada ya sekunde kama 10 hutoka mhimili wenye nguvu ya mvuto ya takriban megapaskali 1500. Maana yake ni kwamba waya wa feleji hiyo wenye eneo la milimita 1 ya mraba ungebeba kilo 150, yaani watu wazima wawili. Kingo na matundu yaliyobaki mara nyingi hukatwa kwa leza, kwa kuwa visu vya kawaida huisha makali haraka.

Bati tupu likipashwa moto hivyo hufanya magamba. Kwa hiyo mabati mengi hupakwa kwanza aluminiamu yenye silikoni kidogo. Mihimili ya bomba ina njia yake: bomba hupashwa moto kwa mkondo wa umeme unaozalishwa na koili na kunyunyiziwa maji papo hapo, kisha huchomelewa vishikizo kwenye ncha zake.

Kwa nini bomba?

Tuchukue bomba la kipenyo cha milimita 32 na unene wa milimita 2.5, lililolazwa juu ya nguzo mbili zilizo mita 1 mbali. Kwa kanuni za fizikia, likisukumwa katikati kwa newtoni 6,000, mkazo mkubwa ndani yake ni takriban megapaskali 945. Feleji ya boroni iliyopozwa vizuri huanza kupinda moja kwa moja kwenye megapaskali 1000 hivi, kwa hiyo bomba hurudi lilivyokuwa. Feleji ya kawaida ya megapaskali 250 ingepinda chini ya newtoni 1,600. Nondo isiyo na tundu yenye uzito ule ule ingekuwa na kipenyo cha milimita 17 tu, na ingebeba karibu theluthi moja ya mzigo wa bomba.

Baada ya ajali

Mhimili uliopinda haunyooshwi, hubadilishwa. Katika Afrika Mashariki, ambako magari mengi huagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, ni kawaida fundi wa bodi kupasha chuma moto kwa gesi hadi kiwe chekundu na kukigonga kwa nyundo. Kwa bati la nje hilo halina hasara kubwa. Kwa mhimili, moto huo huivunja martensiti, na ukiachwa upoe hewani hubaki na chini ya nusu ya nguvu yake. Mlango utafungika vizuri na rangi itang'aa, wala hakuna mnunuzi atakayegundua. Kuchomelea kipande katikati ya mhimili kuna kasoro hiyo hiyo pembeni mwa kiungo.

Feleji hii huwapa shida waokoaji pia. Mikasi ya haidroliki iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani huweza kushindwa kuikata. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari hutoa michoro inayoonyesha sehemu ngumu zilipo, na waokoaji hufundishwa kuuacha mhimili na kuutoa mlango mzima kwa kuvunja bawaba au kitasa.