Ugaidi Haufuti Kinga ya Umoja wa Mataifa

Swali ni lilelile, na sasa limefika hadi Mgololo, Mufindi. "Wakili, Sudan si iliwalipa wale wa ubalozi? UN inashindwaje kuwalipa wanajeshi wetu waliouawa na magaidi kule Kongo?" Aliyeniuliza safari hii ni mzee mstaafu wa kiwanda cha karatasi, na alikuja na fomu mkononi. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia. Juu kulikuwa na nembo ya Umoja wa Mataifa, katikati nafasi ya kubandika pasipoti saizi, chini jina la marehemu na namba ya NIDA ya mdai. Mwisho kabisa, kwa kalamu, kulikuwa na namba ya simu ya kutumia "ada ya kufungulia faili".

Nikamwambia, baba, hii karatasi usiijaze. Akauliza kwa nini. Namjibu hapa ili wengine pia wasome, maana kila ninapomweleza mtu mmoja, kishoka ameshawafikia kumi.

Imani yenyewe ni hii: kinga ya mashirika ya kimataifa ni kwa mambo ya kawaida tu, na shauri likihusu ugaidi kinga inaanguka. Si kweli, wala haikaribii kuwa kweli, na kila anayeirudia anaigharimu familia fulani muda ambao haitaupata tena.

Tuanze na Sudan, maana mizizi ya uongo huu iko hapo. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipua balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Dar walikufa watu 11, Nairobi 213. Osama bin Laden alikuwa amehifadhiwa Sudan kuanzia 1991 hadi 1996, na hapo ndipo kesi dhidi ya Khartoum zilipoanzia. Kesi zile zilikuwa dhidi ya nchi. Marekani ina sheria inayozikinga nchi za kigeni, na Bunge lake limeitoboa tundu moja jembamba: nchi iliyotangazwa rasmi kuwa mfadhili wa ugaidi inaweza kushtakiwa kwa vifo na majeraha. Sudan iliwekwa kwenye orodha hiyo mwaka 1993. Hata kupita kwenye tundu hilo kulikuwa na masharti: mdai, au aliyeuawa au kujeruhiwa, awe raia wa Marekani, askari wake, au mfanyakazi wa serikali yake. Watanzania na Wakenya walioingia kwenye kesi waliingia kwa sababu wao au ndugu zao waliajiriwa na ubalozi. Wakenya waliofukiwa katika jengo la Ufundi, mlango wa pili tu kutoka ubalozini, walikufa kwa bomu lilelile, na familia zao hazikuwa na nafasi hiyo.

Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba Sudan inaweza kudaiwa hata fidia ya adhabu, juu ya hukumu ambayo jumla yake ilikuwa zaidi ya dola bilioni 10. Kilichopatikana mwishowe ni dola milioni 335, kwa makubaliano, kwa sababu Sudan ilitaka kuondolewa kwenye orodha. Iliondolewa Disemba 2020. Sasa niambie: Umoja wa Mataifa uko kwenye orodha gani ya wafadhili wa ugaidi? Hauko. Tundu lile haliuhusu, na halijawahi kuuhusu.

Kinga ya UN inatoka kwenye mkataba wa mwaka 1946. Kifungu chake cha 2 kinaulinda Umoja huo, mali yake na fedha zake dhidi ya kila namna ya shauri, isipokuwa pale wenyewe ulipoiondoa kinga hiyo waziwazi katika shauri mahsusi. Hakuna kipengele kinachosema isipokuwa ugaidi, wala isipokuwa uzembe. Mahakama zetu zimefungwa na mkataba huo, na tuna sheria yetu ya kinga za kidiplomasia ya mwaka 1986.

Kishoka mwenye elimu kidogo atakutajia kesi nyingine. Wavuvi na wakulima wa Gujarat, India, walilishtaki Washington shirika la IFC la kundi la Benki ya Dunia kuhusu mtambo wa umeme, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema shirika hilo halina kinga kamili. Pale Mgololo habari hii imepokelewa kwa hamu, kwa kuwa Benki ya Dunia ilikuwa miongoni mwa waliokopesha fedha za kujenga kiwanda. Lakini mahakama ilikuwa inatafsiri sheria ya Marekani ya mwaka 1945, na UN ina mkataba wake juu ya sheria hiyo. Tena wavuvi wenyewe walishindwa mwaka 2021, kwa sababu kiini cha malalamiko yao kilitokea India, si Marekani.

Kuna na ile ya UNRWA, shirika la UN linalohudumia wakimbizi wa Kipalestina, lililoshtakiwa New York mwaka 2024 kutokana na shambulio la Oktoba 7, 2023. Serikali ya Marekani ilisema mwanzoni kwamba UNRWA ina kinga, kisha Aprili 2025 ikageuza msimamo. Watu wakashangilia bila kusoma. Soma hoja yenyewe: serikali ilidai kwamba UNRWA haihesabiki kuwa sehemu ya UN inayolindwa na mkataba. Haikudai kwamba ugaidi unaifuta kinga ya UN.

Sasa Semuliki, maana hili ndilo linaloumiza watu. Usiku wa tarehe 7 Disemba 2017 kambi ya walinda amani wa Kitanzania huko Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilivamiwa. Wanajeshi wetu 15 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. UN iliunda timu maalumu ya uchunguzi, na Machi 2018 ikatangaza matokeo. Ushahidi wote uliopatikana uliwaelekezea kidole waasi wa ADF, kundi ambalo Marekani ililitangaza kuwa la kigaidi mwaka 2021. Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Ulisema misheni ya UN haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea wale vijana msaada au kuwaondoa. Ulitaja kasoro za uongozi na amri, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi.

Nimeambiwa mara nyingi: wakili, si wamekiri? Nami nimesoma maneno yale na yanauma. Lakini kukiri kosa si kuondoa kinga. Wahaiti walilijua hili kwa machungu. Kipindupindu kiliingia kwao mwaka 2010 kutoka kambi ya walinda amani na kikaua karibu watu 10,000. Walipofungua kesi New York, mahakama ya rufaa iliikataa Agosti 2016. Disemba mwaka huohuo Katibu Mkuu Ban Ki-moon akaomba radhi hadharani. Radhi ilitolewa, kinga ikabaki palepale.

Wajane na akina mama wa Srebrenica walikwenda mbali kuliko wote. Wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa mwaka 1995 katika eneo ambalo UN ilikuwa imelitangaza kuwa salama. Akina mama hao waliishtaki UN hadi mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi, wakashindwa mwaka 2012. Wakaenda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, wakashindwa mwaka 2013. Kama mauaji ya kimbari hayakuiangusha kinga, huyo anayekuuzia fomu mjini Mafinga ana hoja gani mpya? Lakini hawakuishia kwa UN. Waliishtaki pia serikali ya Uholanzi, iliyokuwa na wanajeshi wake pale, na mwaka 2019 mahakama ikaikuta na wajibu kwa sehemu ndogo ya vifo hivyo. Dola iliyotuma askari haijifichi nyuma ya mkataba wa 1946 mbele ya mahakama zake yenyewe. Kishoka hakwambii hili kwa sababu haliuziki kwa fomu.

Nairobi nako hakuna njia ya mkato. Ni kweli kwamba mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliinyima kinga benki ya PTA katika deni la kibiashara la Tononoka Steels. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Karen Kandie dhidi ya Shelter Afrique, iliiheshimu kinga ya shirika hata mbele ya haki ya kikatiba ya kufika mahakamani. Na anayesema "tupeleke Arusha" ajue kwamba Mahakama ya Afrika ilishasema mwaka 2012, katika kesi ya Femi Falana, kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shauri hata dhidi ya Umoja wa Afrika, na Tanzania ilijiondoa mwaka 2019 kwenye tamko lililomruhusu mwananchi kwenda pale moja kwa moja.

Mimi siitetei kinga hii. Mkataba uleule, kifungu cha 29, unaitaka UN iweke njia nyingine za kutatua madai ya watu binafsi. Tume za kudumu za madai zinazotajwa kwenye mikataba yake na nchi inakopeleka majeshi hazijawahi kuundwa popote. Hilo ni deni, na serikali zinazotuma vijana, yetu ikiwemo, zina sauti ya kulidai New York. Mwananchi hawezi kulidai kwa fomu.

Kwa hiyo fanyeni haya, haraka. Mlinda amani akifa kazini, UN hulipa fidia ya kifo. Wakati wa Semuliki ilikuwa dola 70,000 kwa kila mmoja. Fedha hupitia serikali yetu, na kuomba fidia hiyo hakuna ada. Kinachokwama mara nyingi ni karatasi za nyumbani: pateni cheti cha kifo cha RITA, fungueni mirathi mahakamani, mpate msimamizi mmoja anayetambulika, kisha mfuatilie jeshini kwa maandishi na mbaki na nakala. Raia aliyegongwa na gari la misheni au kuharibiwa mali hudai kwa bodi ya madai ya misheni yenyewe, ndani ya miezi 6, na kiwango cha juu ni dola 50,000. Aliyeajiriwa na UN ana Mahakama ya Migogoro ya UN, ambayo ina kituo Nairobi. Anayetaka kuishtaki serikali atoe notisi ya siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, kisha afungue Mahakama Kuu. Kwa watu wa Mufindi ni ile ya Iringa. Sisemi atashinda. Madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3, na Waziri wa Sheria anaweza kuongeza nusu yake tu. Familia iliyokaa miaka mitano ikisubiri "faili la UN" imeshaupoteza mlango huo.

Na kabla ya kumpa mtu yeyote shilingi, tafuteni jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ukilikosa, nenda kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika wilaya yako, ambaye huduma yake ni bure kwa sheria ya mwaka 2017, na uichukue na ile fomu. Ile namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ni ushahidi, na polisi wa Mafinga wanaweza kuifanyia kazi.