Kuandika maisha yako bila kujipamba



Darasa la wakubwa muhula huu linaandika tawasifu, yaani habari za maisha ya mtu kwa mkono wake mwenyewe. Kurasa nilizopokea ni safi mno: nilizaliwa, tukahamia, nikaanza shule, alhamdulillahi. Safari nimeiona, msafiri bado.

Mtazameni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Akajifundisha kwa siri, akinakili maneno ya Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mume akafariki, naye akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake, zilizochapwa mwaka 1886, alianza kuwaandikia watoto hao, wasiojua mengi kuhusu kwao mama yao. (Wazazi, nadhani mmenielewa.)

Haandiki sherehe na mavazi tu. Anasimulia njama za mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid. Salme, msichana wa miaka 15 hivi, ndiye aliyewaandikia barua wenye njama, kwa kuwa kalamu aliijua. Na Majid alikuwa amemtendea wema! Angenyamaza, watoto wangejuaje? Aliyaandika, pamoja na majuto yake. Hata hivyo, namna alivyoondoka Unguja ameipitia juu juu, na utumwa ameutetea. Ukisoma rasimu yako, tafuta mahali ulipopita mbio namna hiyo, urudi hapo.

Chagua siku moja tu. Wodini nikimwuliza mgonjwa anajisikiaje, hunijibu "sijambo". Nikimwuliza panauma wapi, hunionyesha. Basi usiandike "nilihuzunika". Andika koo lilivyokauka. Kama shangazi alikupigia simu ndani ya basi, ukaona haya kumjibu kwa Kiswahili, andika hivyo hivyo, kisha useme leo unalionaje jambo hilo.

Siri ya mama au ya kaka si yako. Omba ruhusa kwanza. Nanyi wazazi, mkipewa kusoma, sahihisheni tahajia, habari yenyewe mwacheni nayo mtoto.

Ukurasa mmoja, kwa mkono, Jumamosi ijayo. Asiyetaka usomwe darasani aukunje. Nitausoma peke yangu.