Ukuta umepanda, jirani haonekani: bustani ndogo inavyoweza kumrudisha

FAMILIA nyingi zilizohamia Bunju, Goba, Kivule au Chamazi zina hadithi moja. Walipanga miaka mingi Sinza, Magomeni au Tandika, wakanunua tofali kidogo kidogo, hatimaye wakahamia kwao. Siku ya kwanza ni shangwe. Ukifika mwezi wa tatu, mama anagundua hana mtu wa kumwachia mtoto hata akienda gengeni mara moja, na mtoto naye hana wa kucheza naye isipokuwa simu.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Ongezeko la watu zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi maana yake ni mitaa mipya, ambako karibu kila mtu ni mgeni. Wa Moshi yuko jirani na wa Lindi, wa Bukoba yuko jirani na wa Singida, na katikati yao kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu.

Katika jiji hilihili wapo wageni wengine wanaoijua vizuri hali hiyo. Ni familia za kigeni za Masaki na Oysterbay, wilaya ya Kinondoni. Wengi huja kwa mkataba wa miaka michache. Mara nyingi mmoja anakwenda kazini, mwenzake anabaki na watoto katika mji asioujua.

Watu hawa hawakai wakisubiri ujirani uje wenyewe. Wanaunda klabu. Gymkhana, karibu na Bustani ya Mimea katikati ya jiji, ni ya tangu enzi ya Mwingereza, wakati huo ikiwa ya Wazungu. Klabu ya mashua ipo Msasani. Wenza wa wanadiplomasia nao wana kikundi chao, kinachojulikana kwa kifupi kama DSG, ambacho huandaa soko la hisani na kutumia mapato kusaidia miradi ya jamii.

Sisi hatuna mabalozi wa aina hiyo, lakini tuna balozi wa nyumba kumi. Tunachoweza kujifunza kwao hakihitaji ada wala bwawa la kuogelea. Kuna siku maalumu ya kukutana, kuna shughuli ya mikono, na mgeni hutafutwa badala ya kuachwa ajitafutie mwenyewe. Na shughuli iliyo rahisi kuliko zote ni bustani.

Bustani si ya matajiri peke yao

Tumezoea kuona bustani kama jambo la Uzunguni, na kuna sababu. Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao na miti ya biashara. Baadaye Waingereza waliupanga mji kwa matabaka: viwanja vikubwa vyenye maua upande wa Wazungu, vidogo vilivyobanana Uswahilini. Hata hivyo, mikono iliyopanda na kumwagilia maua hayo ilikuwa ya watu wa Uswahilini.

Na hata bila viwanja vikubwa, wakazi wa jiji wamelima sana. Wazee wanakumbuka kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975, wakati wa uhaba wa chakula, na ile ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, ambapo watu walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Vikundi hivyo vilifundisha lishe, na pia viliwakutanisha watu.

Anzeni na nyumba tano

Msianze na katiba wala mchango. Anzeni na nyumba tano zinazotazamana. Chagueni siku moja, tuseme Jumamosi saa kumi jioni jua likipungua, na kila wiki mkutane kwenye uwanja wa mmoja wenu. Kazi iwe ya saa moja, watoto wawepo.

Asiye na nafasi atumie gunia. Lijazwe udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, katikati iwekwe nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, kisha pembeni yatobolewe matundu ya kupandia. Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, jambo linalomfaa mtoto asiye na subira. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina, hivyo jirani mwenye nayo anaweza kugawa bila gharama. Bamia na sukuma wiki huchelewa kidogo. Mvua za vuli na masika zikianza, kazi ya kumwagilia hupungua.

Kila mtoto apewe mmea wake. Ukifa, msimfokee. Mwulizeni aliumwagilia lini, kisha apande mwingine.

Hapa msifanye mzaha

Maji ndiyo jambo la kwanza la usalama. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, na walikuta ndani yake madini kama risasi na kadimiamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na haitoki kwa kuosha wala kuchemsha mboga. Kwa hiyo msimwagilie kwa maji ya mto au mtaro unaopokea taka. Maji ya bomba, ya mvua, au yaliyosuuzia mboga yanatosha bustani ndogo.

La pili ni dawa za wadudu. Kwa magunia matano huzihitaji. Viwavi huokotwa kwa mkono. Mkilazimika kupuliza, someni kwenye kibandiko ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, na dawa isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni ya kunywa.

La tatu ni fedha. Vikundi vingi vya mtaani huvunjika zinapoanza hesabu. Mkiwa na hamu ya kuuza mboga au kucheza upatu, subirini mzoeane kwanza. Miezi ya mwanzo kila mtu avune, ale, na amgawie wa pili.

Kisha angalieni nani hajaonekana. Nyumba mpya ikipata watu wiki hii, mtumeni mtoto na fungu la mchicha, agonge geti, aseme anatoka nyumba ya ngapi na wazazi wake wanaitwa nani. Siku mtoto wa nyumba hiyo akipata homa saa nane usiku na baba yuko safari, mama yake atajua geti la kugonga.