Msala, Choo na Bafu

Mgeni mwenye adabu katika nyumba zetu za pwani haulizi choo, huuliza msala. Neno hili lina sura mbili: msala ni mkeka wa kuswalia, na msala ni mahali pa kukidhia haja. Hapa Dabaso wazee wangali wakilitumia. Lakini mtoto wa leo akiulizwa na bibi mgeni msala uko wapi, huenda akamletea mkeka na kumwonyesha kibla. Na bibi wa watu, kwa haya zake, asiweze kuongeza neno la pili.

Choo, kwa mabibi zetu, kilikuwa neno pana. Katika nyumba za mawe za Lamu, chooni ndipo pa kuogea pia: pembeni pana birika la maji lililojengwa, na ndani yake huwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Jirani yetu, katika magofu ya Gede, vyumba vya namna hiyo vingali vyaonekana, vyenye shimo la haja na mahali pa kujitahirisha kwa maji. James Kirkman alianza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, na UNESCO ikayaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024. Watalii husifu kasri na msikiti. Mimi naona vyoo vile vyatwambia zaidi jinsi watu wale walivyoishi dini yao nyumbani.

Hamamu lilikuwa jambo la wakubwa, kama lile la Kidichi, Unguja, alilolijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi.

Siku hizi limetawala bafu, na nyumba nyingi mpya zina choo na bafu nyuma ya mlango mmoja. Hapo ndipo akina mama huuliza: anayetawadha humo, Bismillahi ataitamka wapi? Wanazuoni wengi wamekirihisha kulitaja jina la Mwenyezi Mungu mahali pa haja. Basi na aitamke kabla ya kuvuka kizingiti, au aipitishe moyoni. Anayejenga sasa amwambie fundi mapema atenge kwa kikuta, au aweke mfereji wa kutawadhia uani.

Nao watoto wafundishwe majina yote pamoja na adabu zake: mguu wa kushoto kuingia, wa kulia kutoka, dua mlangoni, na kopo liachwe limejaa maji kwa ajili ya ajaye.