Wahka Unapogeuka Maradhi

Kijana mmoja wa Chumbageni, ambaye jina lake hatulitaji, aliacha kwenda msikitini siku za Ijumaa. Watu wakamdhania kuwa amelegea katika dini. Hawakujua kwamba kila akikaa katikati ya safu moyo humwenda mbio, mikono humfa ganzi na pumzi humwishia, hata akayakinisha kuwa anakufa pale pale. Basi akawa anaswali chumbani, mlango ameufunga.

Nyumbani maneno yalizidi. Mmoja alisema ni jini, mwingine akasema ni uchache wa imani. Na neno hili la pili ndilo lililomchoma zaidi, kwani usiku kucha hakuwa na alifanyalo ila kumwomba Mola wake.

Sisi twaona maneno hayo ni dhulma. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo ameeleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na miongoni mwa maradhi yake akataja hofu na wasiwasi. Akashauri mtu aweke akiba ya fikra njema angali mzima, kama watu waekavyo dawa nyumbani.

Ama jakamoyo la kawaida kila mtu analo: mama hulipata mwanawe akichelewa baharini, mwanafunzi karibu na mtihani. Jambo likipita, nalo hupita. Huwa maradhi pale hofu inapodumu miezi, au ikaja bila ya sababu, ikamnyima mtu usingizi, kazi, masomo na sala ya jamaa. Hapo aende kwa tabibu. Na kutoka Chumbageni hadi hospitali ya Bombo si safari. Tabibu atapima kwanza moyo na tezi ya shingoni, maana hizo nazo zaweza kuleta mapigo kama hayo. Ataulizia pia mirungi na kahawa (watu wetu hawapendi kuulizwa hayo, lakini waseme kweli). Matibabu ni mazungumzo ya kumzoesha mgonjwa kidogo kidogo kile akiogopacho, au dawa, ambazo aghalabu huchukua wiki kadhaa kabla ya kufaa, wala zisiachwe ghafla. Dua asiiache. Na akitamka kuwa afadhali afe, isingojewe hata asubuhi.

Kijana yule alikwenda. Mamaye ndiye aliyempeleka. Ijumaa ya kwanza alisimama safu ya mwisho, karibu na mlango, viatu vyake amevishika mkononi. Ijumaa ya tatu aliviacha nje.