Bei ya Waru Haipangwi Usiku

Wanangu wa Kibirichia, msimu wa mavuno mnaujua. Waru, yaani viazi, za aina ya Shangi zimechimbwa, zimelala chini ya turubai kando ya barabara, na Shangi haina subira, huchipua upesi. Sasa wazieni mama mmoja mwenye shamba, ambaye karo ya shule inamngoja. Malori matatu yanapanda kutoka Nairobi, kila moja na mnunuzi wake. Mama anafurahi. Wakija wanunuzi watatu, ataweza kuuliza bei mara tatu.

Wa kwanza anasema elfu mbili kwa gunia. Mama anamwendea wa pili: elfu mbili. Wa tatu hangoji hata swali liishe: elfu mbili. Na gunia lenyewe ni lumbesa, limeongezwa kichwa cha wavu juu hadi wanaume wawili wanashindwa kulinyanyua. Mama amesikia kwamba Nairobi, katika soko la Marikiti, bei imepanda, lakini wingu limetanda na waru ziko nje. Anauza. Asichokijua ni kwamba usiku uliopita wale watatu waliketi meza moja hotelini, wakapatana: asiwepo atakayepita elfu mbili.

Hadithi hii nimeitunga, lakini muulizeni mkulima yeyote wa hapa Buuri kama anaiona ngeni.

Sasa sikilizeni kosa liko wapi. Kutaka kununua kwa bei ya chini si kosa. Mnunuzi naye ana mafuta ya lori, ana vibarua, ana watoto. Kosa ni lile agano la usiku. Kama lisingekuwepo, mmoja wao angeongeza mia mbili ili ajaze lori mapema, na mwenzake angeongeza mia tatu ili asirudi mtupu. Agano lilimpokonya mama nafasi ya kuchagua, akabaki akidhani soko ndilo lililosema.

Kenya ina sheria inayokataza maagano ya namna hiyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Mwaka uliofuata, 2011, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilianza kazi Nairobi. Babu na nyanya zenu wanakumbuka enzi ambapo serikali yenyewe ilipanga bei ya unga na sukari. Mamlaka hii haipangi bei ya kitu chochote. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna wengine wanaoipanga kwa siri.

Mnaweza kuuliza: watu wakipatana faraghani, nani atajua? Wachunguzi wa Mamlaka wanaruhusiwa na sheria kuingia ofisini na kuchukua kumbukumbu. Tena kuna njia ambayo mimi naiona ya busara sana: mmoja wa wale waliokula njama akijitokeza mapema na kueleza yote, anaweza kupunguziwa adhabu au kusamehewa. Kwa hiyo kila aliyeketi kwenye ile meza analala akiwaza mwenzake atasema nini kesho.

Na wakubwa wamekwisha kunaswa. Agosti 2023, Mamlaka iliyatoza makampuni tisa ya vyuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupatana juu ya bei na kupunguza bidhaa sokoni. Chuma hicho ndicho kinachoshikilia darasa na zahanati. Kikipandishwa bei kwa njama, shule inayochangisha fedha za madarasa mawili huishia na moja, na wazazi hawajui kamwe lile la pili lilikwenda wapi.

Kuna dhuluma nyingine isiyohitaji hata agano, mnunuzi mmoja tu akiwa mkubwa kupita kiasi. Mwenye duka kubwa humwambia anayemletea bidhaa: nikatie asilimia fulani ya mauzo yako, nipe bidhaa nyingine bure, lete wafanyakazi wako wapange rafu zangu, na ukikataa, peleka mzigo wako kwingine. Kwingine wapi? Ndiyo maana mwaka 2016 sheria ilirekebishwa ili itaje waziwazi matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Kampuni ya Orchards, inayotengeneza maziwa ya mtindi, iliyashtaki maduka makubwa ya Carrefour kwa Mamlaka ikashinda, na mwaka 2021 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa, likaunga mkono uamuzi huo. Desemba 2023 Carrefour ikaamriwa kulipa faini ya takriban shilingi bilioni 1.1, safari hii kwa malalamiko ya Pwani Oil na ya Woodlands, kampuni inayouza asali ya chupa. Ilikata rufaa, na hiyo ni haki yake. Lakini tazameni nani aliyepeleka shauri: muuza asali.

Tena kuna mlango unaofungiwa wengine. Zamani wakala wa M-Pesa, huduma ya fedha ya Safaricom, hakuruhusiwa kuihudumia kampuni nyingine ya simu. Mwaka 2014 Mamlaka iliiagiza Safaricom iwafungulie mawakala hao.

Najua mwerevu mmoja kati yenu ataniuliza: je, wakulima wa Kibirichia wakijiunga na ushirika wauze waru kwa bei moja, si agano vilevile? Swali zuri. Sheria imeweka njia ya kuomba ruhusa: wanaotaka kupatana hueleza hadharani, na Mamlaka hupima kama faida kwa umma inazidi madhara. Wale watatu wa hotelini hawakuomba kitu wala hawakutaka kusikika.

Kuhusu lumbesa, kuna kanuni nyingine, za mwaka 2019, zinazosema mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Kuzisimamia ni kazi ya wakaguzi wa mizani, wa kilimo na wa kaunti, na inaniuma kwamba magunia yenye vichwa bado yanapakiwa mchana kweupe.

Nyinyi mnaojua kuandika, wasaidieni wazazi. Andikeni tarehe, bei iliyotajwa, aliyeitaja, na uzito wa gunia. Hifadhini risiti na ujumbe wa simu. Mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka, hahitaji kuwa kampuni, na anayehofia kujulikana anaweza kuomba jina lake lifichwe.