Hidrojeni Yapanda Mwendokasi Ubungo

Dada yangu amenizawadia kitabu kilichonifanya niipende upya kazi ya kukariri. Kinaitwa Memory Craft, cha Lynne Kelly wa Australia, kilichotoka mwaka 2019. Kimejaa mbinu za kukumbuka, na raha yake ni kwamba ukishazisoma huwezi kutulia mpaka uzijaribu.

Mbinu kuu ni ya kale. Wagiriki walisimulia kuwa mshairi Simonides aliitwa nje ya karamu, na nyuma yake paa likaporomoka. Maiti zilisagika hata jamaa wasiwatambue watu wao, lakini yeye alikumbuka kila mgeni alikuwa ameketi wapi. Ndivyo, wanasema, lilivyozaliwa wazo la kuyapanga mambo mahali unapopajua vizuri, kisha kupita hapo kwa mawazo ukiyaokota moja moja.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili na elementi za kemia zilikuwa zikimponyoka. Kwa kuwa hupanda mwendokasi kwenda shule, tukatumia vituo vyake. Ubungo, puto kubwa la hidrojeni linalinyanyua basi juu ya mataa. Shekilango, abiria wote wanaongea kwa visauti vyembamba kwa sababu wamevuta heli. Urafiki, lango la kiwanda cha nguo limezibwa na lundo la betri za simu: lithi. Manzese, muuza mitumba amejaza zumaridi shingoni, maana ndani ya zumaridi mna berili. Argentina, supu inachemka katika bakuli la kioo kisichopasuka kwa moto, kioo chenye boroni. Kagera, gunia la mkaa limekalia kiti cha dereva, nayo ni kaboni. Mwembechai, mbolea ya nitrojeni imemwagika na mwembe umeota hadi kufunga barabara. Usalama, mtungi wa oksijeni umepanga foleni ya tiketi. Sasa anazitaja kwenda na kurudi bila kusita, huku akicheka. Kicheko hicho kina kazi: picha ya ajabu hung'ang'ania kichwani, ya kawaida hupotea.

Sayansi nayo imeipima mbinu hii. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walieleza jinsi walivyowafundisha watu wa kawaida nusu saa kwa siku, kwa siku 40. Mwanzoni walikumbuka maneno chini ya 30 kati ya 72. Baada ya mafunzo wakaongeza takriban 35. Miezi minne baadaye uwezo huo ulikuwa bado upo.

Husemwa sana kwamba kukariri ni adui wa kuelewa. Sikubali. Kinachowachosha watoto wetu ni kurudiarudia maneno makavu yasiyo na mahali wala picha. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Utenzi una mizani minane kila kipande na vina vinavyofungana, hivyo mghani akiruka kipande, sikio lenyewe linamshtaki. Madrasani, mwanafunzi wa tajwidi hupewa maneno mawili tu, qutbu jad, na ndani yake zimo herufi zote tano za qalqala. Shairi la Tuhfatul Atfal la Sulayman al-Jamzuri linazibeba kanuni za usomaji katika beti 61, na mtoto hulihifadhi kwa mahadhi.

Sehemu iliyonigusa zaidi kitabuni ni ya lukasa, ubao wa Waluba wa kusini-mashariki mwa Kongo. Ni kipande cha mbao kinachoshikika mkononi, kimetiwa shanga na kauri au kuchongwa alama. Wataalamu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa kidole huku wakisimulia asili ya ufalme: Nkongolo Mwamba mkatili, Mbidi Kiluwe mwindaji mgeni, na mwanawe Kalala Ilunga. Ushanga mmoja uliweza kumbeba mtu, mahali na tukio, na msimulizi alichagua cha kusema kulingana na waliomzunguka. Hii ni maktaba kamili, tena iliyotengenezwa jirani kabisa na sisi. Inaniuma kwamba nilisoma miaka yote ile shuleni bila kuisikia.

Kelly alijitengenezea lukasa yake na kuhifadhi humo ndege wa jimbo lake la Victoria. Nasi tunatengeneza yetu. Mpwa wangu ameshapata kipande cha mninga kwa fundi seremala, shanga tutanunua Kariakoo, na ushanga wa kwanza, ule mwekundu mkubwa wa pembeni, ameshautengea Mkataba wa Heligoland wa 1890.